Bawaba Zilizopakwa Mafuta

Mkuu wa kituo alimpa Kobe hadi saa kumi alasiri. Saa kumi ikifika bila neno jipya, jalada lifungwe, liandikwe ajali, na mwokaji mikate arudishiwe bastola yake na kwenda nyumbani.

"Mtu kapiga mwizi, kumbe mwizi ni bintiye," mkuu alisema huku akitafuta kofia yake. "Mungu ameshampiga. Sisi tumpige wapi tena?"

"Na yule mdogo?" Kobe aliuliza.

"Mdogo yupi?"

"Ana binti mwingine. Miaka tisa."

"Huyo hajapigwa."

"Bado," Kobe alisema, akalichukua jalada.

Jina la Kobe alipewa na wenzake kazini kwa ajili ya mwendo wake, shingo mbele na miguu nyuma, na kwa kuwa alikuwa haulizi swali la pili mpaka la kwanza lipoe. Hakuwakatalia. Alikuwa akisema kobe hufika, ila hukuta wenzake wameshakula. Siku ile hakuwa na nafasi ya kukuta wenzake wamekula. Saa nne ya asubuhi ilikuwa imeshapita.

Alikwenda na Sajini, mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa wembe, ambaye alikuwa akiendesha gari kama anayemfukuza aliyemtukana mama yake. Nyumba ya mwokaji ilikuwa ya tatu kutoka kona, ukuta mweupe, geti la chuma. Mtaa mzima walimwita mwenye nyumba Tanuri. Usiku alikuwa kiwandani akioka, mchana amelala, na kila alfajiri mikate yake ilifika mpaka kwa mahabusu wa kituo. Ndiyo maana mkuu alimhurumia. Ni vigumu kumdhania ubaya mtu uliyekula mkate wake ukiwa moto.

Jirani, mama mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya kibanda chake cha ushonaji, alisimamisha ufagio walipofika.

"Mnakwenda kwa Tanuri? Poleni na kazi."

"Tumeshapoa, mama," Kobe alijibu. "Jana ulisikia nini?"

"Mlio mmoja. Nikadhani gurudumu limepasuka."

"Na kabla ya mlio? Na baada yake?"

"Mwanangu, nyumba ile haina kabla wala baada. Nimekaa hapa miaka sita. Mwaka wa kwanza nilidhani haina watu. Siku nikaona nguo za watoto kwenye kamba, nikasema, basi wanaishi, lakini wanaishi kama panya walioona paka."

"Jana mama yao hakupiga mayowe?"

Jirani alikitazama kichwa cha ufagio wake. "Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mwanamke kafiwa na binti mikononi, na mimi hapa sikusikia hata chafya."

Sajini alifungua geti. Halikulia. Akalifunga, akalifungua tena. Geti la chuma, zito, lakini lilikwenda kama kitambaa.

"Mafuta," alisema, akionyesha kidole kilichong'aa. "Bawaba zimepakwa mafuta. Afande, huyu ni mwizi mjuzi. Alikuja siku za nyuma akapaka, jana akaja kuingia."

"Binti aliyekufa ni wa nyumba hii. Ana haja gani ya kupaka?"

"Sisemi yeye. Nasema kulikuwa na mwizi kweli, na binti akaingia kati. Tanuri alisikia mwizi, akapiga binti. Ndivyo walivyoponzana."

Kobe hakukataa. Alimwachia wazo lake alibebe mwenyewe, aone uzito wake.

Mlango wa mbele nao ulikuwa na mafuta. Ulimi wa komeo ulikuwa umevishwa kitambaa cha pamba, ukashonwa kwa uzi mweupe, mishono midogo sawasawa. Sajini aliupiga picha na kutabasamu. Mle ndani kulikuwa giza. Madirisha yote ya upande wa ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi meusi yaliyopigiliwa misumari, na juu, pale palipotakiwa taa, palining'inia kishikio kitupu.

"Balbu imetolewa," Sajini alisema. "Mwizi mjuzi."

"Gusa kishikio."

Aligusa. Vumbi lilimwangukia usoni kama unga.

"Mwizi huyo," Kobe alisema, "alikuja kutoa balbu mwaka juzi."

Wakatembea. Mlango wa choo ulikuwa na mafuta. Mlango wa jiko, mafuta. Kabati la vyombo lilikuwa na vijibawaba kama kucha za mtoto, navyo vilikuwa na mafuta. Miguu ya viti ilikuwa imevishwa soksi kuukuu. Sufuria zilitenganishwa kwa matambara zisigusane. Sajini alikuwa amekwisha acha kupiga picha.

"Hakuna mwizi anayepaka mafuta kabati la vijiko," alisema polepole.

"Hakuna."

"Basi ni wenyewe."

"Nisomee maelezo ya Tanuri. Pale alipoamka."

Sajini aliwasha tochi, akasoma. "'Ilikuwa saa tisa alasiri, nimelala. Nikasikia kitu kimeanguka ukumbini. Nikauliza, nani? Hakuna aliyesema. Nikasikia mtu anakwaruza mlango, kama anachokonoa kitasa. Nikauliza tena, nani? Akachokonoa tena. Nikauliza mara ya tatu. Akachokonoa. Nikajua huyu si mtu wa nyumbani. Nikapiga risasi moja. Nikakaa na bastola mkononi, mlango umefungwa, nikapiga simu polisi.' Mwisho."

"Alikaa muda gani?"

"Mpaka tulipofika. Dakika arobaini. Alifungua mlango tulipojitambulisha. Sisi ndio tuliomwambia amempiga nani."

Mlango wa chumba cha Tanuri ulikuwa wa kijani, wakati milango mingine yote ya nyumba ilikuwa ya rangi ya maziwa. Tundu la risasi lilikuwa dogo, safi, kimo cha kifua cha msichana wa miaka kumi na sita. Kitasa kilikuwa chini yake, kizima, hakina hata alama ya ncha ya sindano.

"Alisema mtu anachokonoa kitasa," Sajini alisema.

"Tazama pembeni mwa tundu."

Alisogeza tochi. Kwenye rangi ya kijani, shibiri moja kulia kwa tundu, palikuwa na mikwaruzo myembamba, mipya, unga wa rangi bado umening'inia chini yake. Miwili pamoja. Nafasi. Miwili pamoja. Nafasi. Miwili pamoja.

Kobe alitoa futi ya fundi nguo, ambayo hakuwahi kutoka bila kuwa nayo, akapima kutoka sakafuni. Kisha akarudi kwenye mlango wa jiko, akainama, akatazama kwa muda mrefu hata Sajini akaanza kugonga tochi kwenye paja.

Mlango wa jiko ulikuwa umelika. Palikuwa na mabaka matatu ambapo rangi ya maziwa ilikwisha na mbao kuonekana, moja juu, moja kati, moja chini kabisa. Mlango wa choo vilevile. Mlango wa chumba cha watoto vilevile. Lile baka la kati, kila mlango, lilikuwa kimo kilekile cha mikwaruzo mipya ya mlango wa kijani, tofauti haikuzidi upana wa kidole.

"Watatu," Kobe alisema. "Mama, mkubwa, mdogo. Miaka mingi. Na mlango wa baba hakuna aliyewahi kuugusa, ila jana."

"Wanakwaruza milango kwa nini? Wao ni paka?"

"Ripoti ya mochwari inasema chini ya kucha zake kulikuwa na nini?"

Sajini alifunua karatasi. "Rangi ya kijani."

"Na mkononi?"

"Kovu la zamani, mkono wa kushoto, limenyooka kama limepigwa rula. Baba anasema aliungua kiwandani kwenye trei ya mikate."

"Binti amewahi kufika kiwandani?"

"Nilimuuliza msimamizi wao. Anasema hajawahi kumwona mtoto wala mke. Anasema alidhani Tanuri ni mseja."

Hawakwenda kwa mama moja kwa moja, ingawa alikuwa pale uani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mdogo kamganda ubavuni. Kobe alitaka kwanza kumwona aliyemfundisha Tanuri kushika bastola.

Mkufunzi wa shabaha alikuwa askari mstaafu mwenye kitambi kigumu na sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Uwanja wake ulikuwa kuta mbili za udongo na safu ya mbao zilizochorwa watu. Mmoja ameshika kisu. Mwingine ameshika ufagio. Mwanamke na mtoto mgongoni. Alikuwa akizigeuza kwa kamba, na mwanafunzi alitakiwa aseme anachokiona kwanza, ndipo aamue.

"Tanuri?" alisema. "Mwanafunzi bora. Miezi mitatu hakuwahi kumpiga wa ufagio. Wengine hapa wamemwua huyu mama na mtoto mara ngapi sijui, nimempaka rangi mpaka anafanana na shangazi yangu."

"Hapa kuna jua," Kobe alisema.

"Lipo."

"Nyumbani unawafundisha nini?"

Mkufunzi alinyoosha kidole kimoja kimoja. Mzee yule alikuwa amelisema somo lile mara elfu. "Taa kwanza. Kama hujaona, hujui. Pili, ita. Uliza nani, mara tatu, kwa sauti. Mtu wa nyumbani atasema mimi. Mwizi hasemi mimi. Tatu, usipige kitu usichokiona. Mlango uliofungwa haupigwi hata siku moja. Mlango hauna uso."

"Yeye alipiga mlango."

"Nimesikia." Mkufunzi alikitazama kisigino cha kiatu chake. "Mtihani aliandika vizuri, afande. Taa, aliandika. Kuita, aliandika. Karatasi ninayo."

"Na mtu wa nyumbani akiitwa asiseme?"

Mkufunzi alicheka. "Nyumba gani hiyo, ambamo mtu akiitwa haitiki? Makaburini?"

Hakuna aliyecheka naye. Akavuta kamba, na yule mama mwenye mtoto akageuka akaonyesha mgongo.

Walirudi saa saba na nusu. Mama alikuwa bado uani juu ya ndoo, kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Kobe alimpa pole. Akaomba waingie ndani, sebuleni. Alikaa yeye, akakaa Sajini, na mama akakaa ukingoni mwa kiti chenye soksi. Mdogo alikwenda jikoni bila kuambiwa, akafunga mlango. Haukulia.

"Mama, jana ulikuwa wapi?"

"Uani. Nafua." Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona. Mume alikuwa mahabusu, maili nne kutoka pale, na bado alinong'ona.

"Ulisikia mumeo akiita?"

"Nilisikia."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Binti hakujibu?"

Mama alitazama mikono yake. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia alikuwa na kovu limenyooka kama limepigwa rula.

"Saa kumi anaachiwa," Kobe alisema. "Nakwambia mapema usije ukashtuka. Jalada linafungwa. Anarudi na bastola yake."

"Nitampikia," mama alinong'ona.

Sajini alifungua mdomo. Kobe akamzuia kwa jicho. Kisha Kobe aliweka mkono juu ya meza, akakwaruza ubao kwa ukucha mara moja, polepole, kama mtu anayejikuna bila kujua.

Mlango wa jiko ukafunguka. Mdogo alitoka, miguu mitupu, akaja moja kwa moja akasimama mbele ya Kobe, akamtazama usoni, akingoja.

Mama alifumba macho.

"Moja ni njoo," Kobe alisema. "Sivyo, mama? Na mbili?"

Macho ya mama yalibaki yamefumbwa.

"Mama. Binti yako aliitwa mara tatu. Pale mlangoni nimeona jozi tatu. Mbili ni nini?"

Mama alimvuta mdogo, akamziba masikio kwa viganja. Ndipo akasema, kwa sauti ileile ya pumzi tupu.

"Ni mimi."

Sajini aliacha kuandika.

"Mbili ni 'ni mimi'," mama alisema. "Tatu ni 'baba ameamka'. Yeye hapendi sauti akilala. Mkubwa alicheka mchana, ana miaka saba. Baba yake alikuja na trei kutoka kiwandani kesho yake, akaipasha moto jikoni hapo. Alisema, mimi nafanya kazi usiku ili nyinyi mle, mchana ni wangu. Tangu siku ile hawakucheka. Nikawafundisha kukwaruza. Tulianza kama mchezo."

"Mumeo anajua lugha hiyo?"

"Yeye analala. Akiamka, kila mtu ameshajificha mahali pake."

"Miaka tisa nyumba moja, hajui?"

"Hajawahi kuuliza."

"Jana ulisikia anakwaruza?"

"Alirudi mapema kutoka shule, tumbo linamuuma. Akaangusha kifuniko cha chupa ya maji. Nikasikia baba yake anauliza nani. Nikashukuru Mungu si mimi niliyeangusha." Aliviminya zaidi viganja kwenye masikio ya mdogo. "Kisha nikasikia binti anamjibu. Mbili. Nikasema moyoni, vizuri mwanangu, mjibu hivyohivyo, usitoe sauti. Akaulizwa tena. Akajibu tena. Nilisimama na shuka mbichi mkononi namsifu mwanangu kwa adabu."

"Na baada ya mlio?"

"Nilimkuta ukumbini. Yuko hai. Daktari wenu amesema robo saa, eti? Ni kweli. Robo saa."

"Kwa nini hukupiga mayowe?" aliuliza Sajini, na sauti yake ilikuwa imepoteza wembe.

"Baba yake yuko nyuma ya mlango ana bastola, na anapiga anachosikia. Mdogo yuko jikoni. Ningelia, angepiga tena. Nikamchukua mikononi, nikamwingiza jikoni, nikamfunga kanga kifuani. Naye hakulia. Alijua. Alinikwaruza kiganjani mbili, akarudia, akarudia, mpaka akaacha."

Mdogo, masikio yamezibwa, alikuwa akiwatazama midomo.

Kobe aliangalia saa. Saa nane na dakika kumi.

"Haya hayatoshi," Sajini alimwambia walipotoka uani. "Mkuu atasema ni maneno ya mke mwenye uchungu. Mikwaruzo atasema ya paka."

"Atasema hivyo."

"Basi?"

"Basi Tanuri aseme mwenyewe. Mlete. Na mkuu mwambie nataka maonyesho ya tukio mahali pake, kwa ajili ya kufunga jalada vizuri. Akisikia neno kufunga atakuja na kalamu."

Kisha alirudi kwa mama, akamwomba jambo moja. Alimweleza lote, bila kulipaka sukari. Kama hataki, asifanye. Mama alimrudisha mdogo jikoni. Kisha akavua kandambili zake, akaziweka ubavuni mwa ukuta, sawasawa, kama afanyavyo mtu wa nyumba ile.

Tanuri alifika saa tisa, pingu mikononi, mkuu wa kituo nyuma yake. Alikuwa mtu mkubwa, mikono minene isiyo na vinyweleo kwa miaka ya moto, macho mekundu ya asiyelala.

"Nataka tumalize," alisema. "Nina msiba. Watu watakuja hapa kunipa pole na sina hata kiti cha kuwakalisha."

"Tutamaliza," Kobe alisema. "Lala kama jana. Sajini atakaa humu ndani na mkuu. Mlango umefungwa, kama jana. Unachosikia ukiseme."

Pingu zilifunguliwa. Tanuri alijilaza juu ya godoro, mkono wa kulia chini ya mto, kwa mazoea. Giza la mablanketi liliwafunika wote. Kobe alibaki ukumbini. Aliachia kifuniko cha chupa kikaanguka sakafuni, kikazunguka, kikatulia.

"Hapo," sauti ya Tanuri ilisema. "Hapo ndipo nilipoamka."

"Ita," Kobe alisema kutoka nje.

"Nani?"

Ukucha ulipita juu ya rangi ya kijani mara mbili. Sauti ndogo, kavu.

"Ndiyo hiyo!" Kitanda kililia. "Mkuu, umesikia? Hiyo ndiyo sauti. Anachokonoa kitasa."

"Una hakika?"

"Nitaisahau? Hivyohivyo."

"Ita tena."

"Nani?"

Mara mbili.

"Vilevile. Huyo ni mwizi, si mtu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani angesema. Nimefundishwa."

"Ita mara ya tatu."

"Nani?"

Mara mbili.

"Sasa ningepiga," Tanuri alisema. "Mtu yeyote angepiga."

Kobe alisukuma mlango. Mwanga wa sebuleni uliingia ukiwa mwembamba. Kizingitini alisimama mke wa Tanuri, miguu mitupu, mkono bado umeinuliwa kimo cha kifua chake, ukucha wa kidole cha shahada umejaa rangi ya kijani.

"Unafanya nini hapo?" Tanuri aliuliza.

Mke alijibu kwa sauti kubwa, sauti ambayo haikuwa na mazoea ya kutoka, ikakwama, ikatoka kwa nguvu kuliko alivyotaka.

"Nimekuitikia."

Tanuri alimtazama mkuu, akamtazama Sajini, kama mtu anayetafuta mkalimani. Kobe alizungumza polepole, neno kwa neno, kwa ajili ya karatasi ya Sajini na kwa ajili yake.

"Maelezo yako ni ya kweli, Tanuri. Sikukuta uongo hata mmoja. Ulimwita mara tatu. Na mara tatu aliitika. Wewe ndiye uliyemkataza mdomo, akakuitikia kwa alichobakiwa nacho. Taa ulikuwa na kishikio, balbu uliitoa mwenyewe ili ulale. Tochi iko hapo kando ya mto, tumeikuta ina betri mpya. Ulikuwa na mlango mbele yako na hukujua nyuma yake kuna uso wa nani. Ukapiga."

"Sikujua," Tanuri alisema. "Nani angejua? Kukwaruza mlango ni kusema?"

"Kila aliyeishi humu alijua."

"Hakuna aliyeniambia."

"Wangekuambia saa ngapi?"

Mkuu wa kituo alikuwa ameshika kalamu lakini hakuandika. Kisha aliikunja karatasi ya kufunga jalada mara nne, akaitia mfukoni. "Andika kuua bila kukusudia," alimwambia Sajini, bila kumtazama Tanuri. "Na lile la trei mliloniambia, kwa mama na binti, jalada lake peke yake. Bastola haitoki kwangu."

"Mkuu," Tanuri alisema, "mimi nimekulisha mkate."

"Nimekula," mkuu alisema. "Mfunge pingu."

Sajini alikuwa akiinama kumfunga ndipo sauti ilipotoka upande wa jiko. Ukucha kwenye ubao, mara tatu, haraka. Mkono wa Sajini uliruka kwenye mkanda wake, ukashika bastola, ukaanza kuichomoa. Ukasimama hapo. Alikaa akihema, kidole mbali na kifyatulio, akigeuza uso kwenda ulikotoka mlio.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Nini hiyo?" Tanuri naye aliuliza.

"Ni binti yako aliyebaki," Kobe alisema. "Anamwambia mama yake kwamba umeamka."

Tanuri alitolewa. Alipita ukumbini, akapita mbele ya mlango wa jiko uliolika mabaka matatu, na hakugeuza shingo. Geti lilifunguka nyuma yake bila mlio na likafungwa bila mlio.

Mama alikwenda mpaka mlango wa jiko. Aliinua mkono kama atakwaruza, akaushusha.

"Toka, mwanangu," alisema kwa sauti ya mtu mzima, ya mchana. "Ameondoka. Sema kwa mdomo sasa. Niite mama nisikie."

Hakuna aliyejongea. Mama alingoja, paji la uso limegusa mbao.

"Uko humo? Sema."

Upande wa pili, kimo cha baka la chini kabisa, ukucha mdogo ulikwaruza mara mbili.